Hataza za pedi na nepi: maneno ya mtaani na ukweli wake

Mafundi cherehani wanaoshona pedi za kufua hapa Dodoma hutishwa na habari za hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, wengine wakaacha kabla hata hawajakata kitambaa cha kwanza. Inaniuma, maana mengi wanayoambiwa si kweli.

"Kampuni kubwa zimeshasajili pamba inayonyonya."

Hapana. Maji kupanda katikati ya nyuzi zilizobanana ni maumbile tu, ndiyo hayo hayo yanayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa kandili. Hakuna awezaye kuyasajili. Hataza hutolewa kwa ubunifu mahususi, mathalani uzi wa polyesta uliochongwa mifereji ubavuni ili uvute majimaji haraka. Mipaka ya ubunifu huo imeandikwa kwenye sehemu ya hati iitwayo madai. Anza kusoma hapo, michoro baadaye.

"Badilisha asilimia 20, uko salama."

Huu ndio uongo wa hatari zaidi. Kipimo hicho hakimo katika sheria. Mahakama huchukua dai na kulilinganisha na bidhaa, kipengele kwa kipengele. Vikiwemo vyote umeingilia, hata kama umeongeza vyako kumi. Huko Marekani, Paragon Trade Brands ilitengeneza nepi za kuuzwa kwa majina ya maduka. Procter & Gamble ikaishtaki kwa ajili ya kuta za ndani zinazozuia majimaji yasivujie mapajani. Mwishoni mwa 1997 mahakama ya Delaware iliiamuru Paragon ilipe zaidi ya dola milioni 170, na Januari 1998 Paragon ikaomba kinga ya kufilisika. Yote hayo kwa sababu ya ukanda mwembamba pajani!

"Hataza ya Marekani inanifunga hata hapa Majengo."

Hataza ina mipaka ya nchi. Isipokuwa imesajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni nchini), au kupitia ARIPO (shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika) kwa ombi lililoitaja Tanzania, haina nguvu hapa. Ukiuza pedi zako nje, angalia upya kwa nchi hiyo.

"Onesha kwanza Nanenane, utasajili baadaye."

Uvumbuzi sharti uwe mpya, na kuuanika mbele ya watu pale viwanja vya maonesho vya Nzuguni kunaweza kuuondolea upya huo. Wasilisha ombi kwanza, ndipo upange meza ya maonesho.