“Remember”: anayekumbuka na anayekumbusha

Karani mmoja alimwandikia mkuu wake: “Please remember me on Friday about the report.” Alitaka Ijumaa akumbushwe habari ya ripoti. Alichoandika ni kwamba Ijumaa ikifika mkuu amkumbuke yeye, kama tunavyowakumbuka marehemu.

Sisi wa dawati la tafsiri tunakutana na kosa hili mara kwa mara, na sioni kama ni uvivu. Kiswahili kinatosheka na mzizi mmoja: kumbuka, kumbusha, kumbukwa, kumbushana. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili. “Remember”, iliyotoka Kilatini kupitia Kifaransa cha kale, ni ya anayekumbuka. “Remind”, waliyoiunda kutokana na neno lao la akili, “mind”, ni ya anayekumbusha. Karani angeandika “Please remind me”, basi. (“Remember me to your mother” ipo na ni sahihi, ila maana yake ni nisalimie mama.)

Penye hatari zaidi ni kile kinachofuata baada ya kitenzi. Chukua maelezo ya mlinzi baada ya wizi: “Nakumbuka nilifunga geti.” Mtafsiri mwenye haraka anaandika “I remember to lock the gate.” Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba mlinzi huyu huwa hasahau kufunga geti. Ni sifa nzuri, lakini haisemi lolote kuhusu usiku ule. Ilitakiwa “I remember locking the gate”: tendo limeshapita na picha yake bado anayo kichwani.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki. Kama Kiswahili chako kinataka -li- baada ya “nakumbuka”, kwa Kiingereza tumia umbo la -ing. Kama ni jambo la kutosahau kulifanya, ambalo wakati wa kukumbuka lilikuwa bado halijafanyika, tumia “to”: “Remember to lock the gate”, kumbuka kufunga geti. Wakati uliopita nao una mtego wake: “I remembered to lock it” inamaanisha hakusahau, na kweli alilifunga.

“I am remembering” iepukeni kwa kawaida. Ile -na- ya “nakumbuka” ndiyo inayotuponza. Kiingereza kinasema “I remember” tu.

Kusahau nako kuna vituko. “Nimesahau simu nyumbani” wengi wetu tunaigeuza kuwa “I forgot my phone at home.” Utaeleweka, ila Kiingereza sanifu, mahali pakishatajwa, kinapendelea “I left my phone at home.” Mwanafunzi mmoja alinibishia: simu ameisahau kweli, kwa nini aseme ameiacha, kana kwamba alikusudia? Nikamwambia aondoe nyumbani katika sentensi yake. “I forgot my phone” haina tatizo lolote.