Maganda ya kamba, mwani na kidonda cha mguu: maswali na majibu

Swali: Eti kuna bandeji za maganda ya kamba na mwani?
Jibu: Zipo. Maganda ya kamba na kaa yana dutu ya asili iitwayo kitini (chitin). Kiwandani maganda huondolewa chokaa kwa asidi, kisha hupikwa kwa soda kali hadi ipatikane dutu nyingine, kitosani. Mwani wa kahawia hutoa alginati. Zote ni minyororo mirefu ya sukari, ila kitosani iliyoyeyushwa kwa asidi hafifu hubeba chaji chanya ya umeme, na alginati hubeba chaji hasi. Zikikutana huvutana na kushikana zenyewe, bila gundi, zikawa utando unaonyonya maji ya kidonda. Kitosani pia husaidia damu kuganda.

Swali: Ni mwani huu wa Kibuyuni, kule Kwale?
Jibu: Sio. Ule ni jamii ya mwani mwekundu, hutoa dutu nyingine, karajinani. Nayo ina chaji hasi, hivyo hushikana na kitosani vilevile.

Swali: Basi nikinunua kamba Kongowea, nikasaga maganda nikanyunyiza kidondani?
Jibu: Usithubutu. Ganda lililosagwa nyumbani bado ni kitini na chokaa, halijawa kitosani, tena lina vijidudu. Unga wa namna hii, sawa na majivu au kahawa, huganda juu ya kidonda. Sisi hospitalini huutoa kwa koleo chembe kwa chembe, na chini yake tunakuta usaha na nyama iliyokufa. Tafadhalini, wacheni.

Swali: Nina ugonjwa wa sukari, na kidonda cha unyayoni hakiniumi. Si kinapona?
Jibu: Hapana! Hakiumi kwa kuwa sukari imeua mishipa ya fahamu ya mguu. Kutouma si kupona. Mtu hutembea nacho kutoka Likoni hadi kivukoni, kikizidi kuchimbika, asihisi lolote. Njoo leo.

Swali: Siwezi kungoja mwisho wa mwezi?
Jibu: Leo, nimesema. Kikinuka, kikiwa cheusi, mguu ukivimba au homa ikipanda, usingoje hata kupambazuke. Miguu mingi tunayoikata ilianza na kidonda kidogo kilichofichwa ndani ya soksi.

Swali: Nikipata bandeji hiyo, yatosha?
Jibu: Haitoshi. Nyama iliyokufa lazima itolewe, sukari ishushwe, na usiukanyagie mguu huo. Na kama huwa unadhurika ukila kamba, mwambie muuguzi kabla hajakufunga.