NGO siyo posho na fulana tu

Ukitaja NGO, yaani asasi isiyo ya kiserikali, mtaani wengi wanawaza Land Cruiser nyeupe, semina ya siku mbili, posho na fulana yenye nembo, na siwalaumu maana wengine ndo tumewazoesha hivyo. Ila kuna kazi nyingine haipigwi picha sana, tunaiita uchechemuzi, yaani kuchukua kero ya watu na kuisukuma mpaka imfikie mwenye mamlaka ya kuitatua.

Chukua Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971. Binti aliruhusiwa kuolewa na miaka 15 wazazi wakiridhia, wakati kijana wa kiume ni 18. Watu walilalamika miaka nenda rudi, makongamano, matamko, wapi! Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, asasi inayotetea haki za wasichana, akaenda Mahakama Kuu kupinga vifungu viwili tu, cha 13 na cha 17, kwamba vina ubaguzi na vinakiuka Katiba. Julai 2016 akashinda, serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe, ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hukumu iko palepale. Ungedhani kazi imeisha, kumbe ndo kwanza, maana kutunga sheria ni kazi ya Bunge na asasi haina kura mle ndani, kwa hiyo baada ya rufaa mwaka mwingine ukapita bila marekebisho na asasi zikarudi tena kuongea na wabunge, viongozi wa dini na wazazi wenyewe.

Ngazi ya kijiji nako ni hivyohivyo, na mimi naona huko ndo kwenye utamu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Sasa asasi haiendi kumsemea mwanakijiji, inakaa naye wiki kadhaa chini ya mwembe wasome ile karatasi mstari kwa mstari, ili siku ya mkutano mama asimame mwenyewe aulize, "Mwenyekiti, mmeandika mifuko 40 ya saruji, mbona choo cha shule kimeishia kwenye lenta?" Swali la hivyo mwenyekiti halikwepi kirahisi, lina namba na choo chenyewe kinaonekana pale.

Kwa hiyo NGO ikija kwenu msiulize posho shilingi ngapi. Ulizeni cheti cha usajili, halafu mwaka jana walipeleka kero gani, kwa nani, na walijibiwa nini.