Ruhusa Ipewe Kazi, Si Mtu

Nikiitwa kukagua mfumo wa kompyuta wa duka la jumla pale Kariakoo, naanza na orodha ya watumiaji kabla ya ripoti yoyote ya mauzo. Mara nyingi naikuta akaunti inaitwa "keshia", na nywila yake anaijua hadi kijana anayepakia mizigo. Invoisi ikifutwa saa kumi na moja jioni, kumbukumbu za mfumo zitasema imefutwa na keshia. Keshia yupi? Hapo kila mtu anaangalia pembeni.

Wenye maduka hujitetea kwamba programu nyingi zinalipiwa kwa idadi ya watumiaji. Ni kweli, lakini tafuta njia kabla ya kukata tamaa. Odoo, kwa mfano, ambayo ni programu ya kuendeshea biashara, inaruhusu wauzaji kadhaa kutumia mashine moja ya kuuzia, kila mmoja akiingia kwa PIN yake.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye ruhusa zenyewe, yaani nani aone au abadili nini kwenye mfumo. Akiajiriwa mtu mpya, bosi huniambia, "Mpe kama za Asha." Sasa Asha alianza kaunta, akapelekwa stoo, leo yuko uhasibuni, na kila alikopita aliondoka na ruhusa zake. Ukimnakili Asha, mgeni wa juzi anaanza kazi akiwa na funguo za idara tatu. Dawa yake si ngeni: mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walieleza utaratibu wa kuzifunga ruhusa kwenye jukumu, kisha mtu akawekwa kwenye jukumu hilo. Akihama kazi, unamtoa jukumu la zamani na kumwingiza jipya. Hakuna kuchambua visanduku vya ruhusa kimoja kimoja.

Ila majukumu peke yake hayatoshi, kwa sababu ruhusa mbili zisizo na ubaya zikikutana kwa mtu mmoja zinaweza kukufilisi. Anayesajili sapulaya asiwe ndiye anayeidhinisha malipo, la sivyo siku moja utamlipa sapulaya asiye na duka wala godauni. Anayepokea mzigo stoo asiwe na uwezo wa kurekebisha hesabu ya stoki. Katoni zikipungua, atapunguza namba kwenye kompyuta, na siku ya kuhesabu kila kitu kitalingana vizuri kabisa. Mimi hesabu inayolingana kila mwezi bila tofauti hata ya katoni moja hunitia shaka kuliko ile yenye upungufu.

Duka la watu watatu haliwezi kugawa hivyo, najua. Basi marekebisho ya stoki yasubiri idhini ya mwenye duka, naye apitie kumbukumbu za mfumo kila wiki.

Kuna na suala la bei ya kununulia. Muuzaji wa Kariakoo anahitaji kujua bei ya mwisho, maana mteja lazima ataiuliza. Hahitaji kujua mzigo ulinunuliwa shilingi ngapi. Mfichie hiyo, kisha mwekee kikomo cha punguzo, na akikipita mfumo umkatalie hadi msimamizi aingize PIN yake.

Mtu akiacha kazi, izime akaunti yake siku hiyohiyo, lakini usiifute, maana miamala ya nyuma inabeba jina lake. Mishahara na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za wafanyakazi zionwe na wanaozifanyia kazi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na duka lako halikusamehewa.

Kisha bosi hudai, "Mimi ndiye mwenye mali, nipe zote." Namfungulia akaunti mbili. Ya kwanza inaona ripoti zote bila kubadili chochote, na hiyo ndiyo inayokaa kwenye simu yake. Ya pili ina mamlaka yote, na inafunguliwa kwenye kompyuta ya ofisini tu.