Hapa hakuchi wala hakuchwi

"Daktari, mbona hapa hakuchi?"

Aliyeniuliza ni bibi mmoja wa Mbagala. Asubuhi ile tulikuwa tumemtoa mpira wa kupumulia, na nikaona amechoka tu. Kufika saa nne usiku alikuwa anang'oa dripu na kupiga kelele watu wakafunge zizi la mbuzi. Mwanawe alinivutia pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumleta shehe, isije ikawa mama ameingiliwa. Nikamwambia amlete, kisomo kwa sauti anayoijua mama hakina ubaya. Lakini nilimweleza pia kwamba mama anaweweseka. Hospitalini tunaiita deliriamu: akili inavurugika ghafla, mara inarudi, mara inapotea. Kwa wagonjwa mahututi walio kwenye mashine ya kupumulia, tafiti zimewahi kuikuta hadi kwa wanane katika kila kumi.

Mimi ni daktari wa usingizi, na jina hilo lina uongo kidogo. Dawa ninazotoa zinamzima mtu. Usingizi wenyewe una hatua zake, unazama na kuibuka mara kadhaa kwa usiku mmoja, na ndoto ndani yake. Midazolamu, dawa ya kutuliza ambayo wengi wetu tumeizoea, hupunguza usingizi mzito na huongeza uwezekano wa mgonjwa kuweweseka. Ndugu wakiniambia "ashukuriwe Mungu, leo amelala mchana kutwa", huwa nakaa kimya kidogo kabla ya kujibu.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kishada cha seli kama 20,000 kinachoendesha saa ya mwili. Nadhani Waswahili wangeielewa haraka kuliko wengine, maana saa zetu zenyewe zinahesabiwa kutoka jua linapochomoza. Mwanga wa asubuhi ukipita machoni, saa ile inajirekebisha. Giza likiingia, tezi ya pineali, iliyomo humo humo ubongoni, inamwaga melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku. Joto la mwili, homoni ya kotisoli, hata utumbo, vyote vinafuata zamu hiyo. Dar es Salaam tumependelewa: mwaka mzima, urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa moja.

Sasa mlaze mtu kwenye chumba cha mahututi. Taa zinawaka usiku kucha, na mchana mapazia yamefungwa, kwa hiyo mwanga hautoshi kumwambia kumekucha wala giza halitoshi kumwambia kumekuchwa. Chakula kinapita kwenye mpira saa 24. Kengele za mashine zinalia, nyingi bila sababu ya maana. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele za wodini usiku zisizidi desibeli 30 hivi. Chumba cha mahututi hupita 50 bila shida. Halafu kuna lile la kumwogesha mgonjwa saa kumi alfajiri ili zamu ya usiku ikabidhi kazi ikiwa imekamilika. Nimelikuta mahali nilipofanya kazi, na nilipouliza nikaambiwa ndivyo ilivyo siku zote. Ukipima usingizi wa wagonjwa hawa, karibu nusu yake unaangukia mchana, vipande vipande.

Kama kukosa usingizi ndiko kunakoleta kuweweseka, au kuweweseka ndiko kunakofukuza usingizi, wataalamu bado wanabishana. Dawa hazijatuokoa. Utafiti mkubwa wa Australia uliotoka 2022 uliwapa wagonjwa melatonini kila usiku, na walioweweseka hawakupungua. Haloperidoli, dawa ya kutuliza akili iliyovurugika, nayo ilijaribiwa Marekani, matokeo yakatoka 2018: haikufupisha siku za kuweweseka.

Anayepiga kelele kila mtu anamwona. Mimi naogopa zaidi yule anayeweweseka kimya, anayetazama dari tu huku tukimsifu kwa utulivu. Ndiyo maana tunawapima wote. Namshika mgonjwa mkono, namwomba aubane kila akisikia herufi A, kisha namuuliza maswali ya kitoto: je, jiwe huelea juu ya maji? Je, baharini kuna samaki? Mvuvi mmoja wa Kunduchi alinijibu, "Siku hizi wachache." Tukampa alama.

Bibi wa Mbagala tulimsogeza dirishani na kumrudishia miwani yake, iliyokuwa imekaa kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda wiki nzima. Midazolamu tukaiacha. Tulitafuta pia maambukizi na kupima chumvi za damu, maana kuweweseka mara nyingi huwa kunaficha jambo jingine. Mwanawe aliruhusiwa kukaa naye jioni nje ya saa za kuona wagonjwa, jambo lililonigharimu mabishano na mlinzi. Kuanzia saa nne usiku taa zilipunguzwa, na kutoa damu ya vipimo kukasubiri asubuhi isipokuwa kwa dharura.

Siku ya tatu niliingia kunguru wakiwa wameshaanza fujo zao nje. Alikuwa macho, ameegemea mto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza lile swali la jiwe. Alinitazama kwa muda, kuanzia macho yangu mekundu hadi viatu.

"Jiwe linazama. Wewe, mwanangu, umelala lakini?"