Kutatua migongano ya faili baada ya kusasisha Moodle kwa Git

Tovuti za mafunzo ninazozitunza zinaendeshwa kwa Moodle, mfumo wa kutolea kozi mtandaoni, na huzisasisha kwa Git, programu inayohifadhi historia ya mabadiliko ya msimbo na kuyaunganisha, badala ya kupakua kifurushi kipya na kukifungulia juu ya kile cha zamani. Faida ya njia hii ni kwamba marekebisho ambayo taasisi imeyafanya ndani ya msimbo hayafutiki kimyakimya. Hata hivyo, njia hiyo hiyo ndiyo inayomfikisha msimamizi mbele ya ujumbe wenye neno CONFLICT, yaani mgongano, na wengi wakiuona hukimbilia kuchagua upande mmoja, wa kwao au wa watengenezaji wa Moodle, ili mambo yaishe. Msimamo wangu ni kwamba mgongano hauwezi kutatuliwa kwa usahihi mpaka ujue faili ilikuwaje kabla ya upande wowote kuigusa.

Git inapounganisha matawi mawili, yaani mikondo miwili ya mabadiliko ya msimbo ule ule, hulinganisha matoleo matatu ya kila faili: lako, la watengenezaji, na la asili, yaani lile la mwisho ambalo pande zote mbili zilikuwa nalo kwa pamoja. Ikiwa upande mmoja tu umebadilisha sehemu fulani, badiliko hilo huchukuliwa bila kuulizwa mtu. Ikiwa pande zote mbili zimebadilisha mistari ile ile, au inayopakana, kwa namna tofauti, Git husimama na kukuachia uamuzi. Kwa hiyo mgongano si hitilafu, na kukosekana kwake si uthibitisho kwamba msimbo uliounganishwa unafanya kazi.

Kabla ya kuhariri chochote, soma `git status`, ambayo hutaja kila faili na aina ya mgongano wake. Ukiona kazi ni kubwa kuliko ulivyotarajia, amri ya `git merge --abort` hukurudisha ulipokuwa, mradi hukuanza ukiwa na mabadiliko ambayo hayajarekodiwa. Wenye mazoea ya kuyaficha mabadiliko kwa `git stash` wajue pia kwamba `git stash pop`, inayoyarudisha, ikikutana na mgongano haiifuti ile akiba, hivyo hakuna sababu ya kudhani kwamba kazi imepotea.

Kwa kawaida Git huonyesha pande mbili tu ndani ya faili, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Mimi huiwekea mpangilio wa `merge.conflictStyle` wenye thamani ya `diff3`, au `zdiff3` kuanzia toleo la 2.35 la Git, ili sehemu ya asili nayo ionekane katikati. Tazama mfano huu niliourahisisha, ambamo mstari wa juu ni wa taasisi, wa katikati ni wa asili, na wa chini ni wa watengenezaji:

```
<<<<<<< HEAD
$orodha = pata_watumiaji($kozi, 50);
|||||||
$orodha = pata_watumiaji($kozi, 20);
=======
$orodha = pata_watumiaji($muktadha, 20, true);
>>>>>>>
```

Bila sehemu ya katikati, mtu angeona mistari miwili isiyofanana na kuchagua mmoja. Akichukua wa kwake, anaita kitendaji kwa vigezo ambavyo huenda havikubaliki tena. Akichukua wa watengenezaji, taasisi inapoteza orodha yake ndefu. Ukiitazama asili unaona mara moja kwamba taasisi ilibadilisha namba peke yake, ilhali watengenezaji walibadilisha kigezo cha kwanza na kuongeza cha tatu. Jibu basi ni `pata_watumiaji($muktadha, 50, true)`, mstari ambao haumo katika upande wowote. Ikiwa nia ya upande wa pili haieleweki kwa kusoma msimbo peke yake, `git log --merge -p` huonyesha rekodi za mabadiliko zilizogusa faili zenye mgongano, pamoja na maelezo ya waandishi wake.

Yapo mafaili ambayo kuchagua upande ni sawa kabisa, nayo ni yale yanayozalishwa na mashine. Moodle huhifadhi ndani ya Git faili za JavaScript zilizobanwa, katika folda za `amd/build`, na hakuna binadamu anayepaswa kuzisuluhisha kwa mkono. Tatua mgongano katika faili mama iliyomo `amd/src`, chukua ile iliyobanwa kutoka kwa watengenezaji kwa `git checkout --theirs`, kisha uizalishe upya kwa Grunt, zana inayozibana faili hizo. Angalia tu kwamba ukitumia `git rebase` badala ya `git merge`, maana ya `--ours` na `--theirs` hugeuka, kwa kuwa wakati huo kazi yako ndiyo inayopandikizwa juu ya kazi ya wengine. Aidha, usichanganye chaguo mbili za `git merge`: `-X ours`, inayokupendelea penye mgongano tu, na `-s ours`, inayotupa mabadiliko yote ya upande wa pili huku ikiacha historia inayodai kwamba yameunganishwa. Ya pili sioni mahali pake katika kusasisha tovuti.

Faili nzima ikionekana kuwa na mgongano kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, shuku alama za mwisho wa mistari: yaelekea mtu aliihifadhi kwa Windows. Ghairi, kisha uunganishe upya kwa `-X ignore-space-change`.

Ukimaliza kuhariri, `git diff --check` hukuonyesha alama za mgongano zilizosahaulika. Katika PHP, lugha iliyoandikiwa Moodle, alama hizo huvunja ukurasa papo hapo, na `php -l`, inayokagua sarufi ya msimbo, huzikamata. Lakini katika CSS kivinjari huruka tu kanuni kisizozielewa, na katika violezo vya Mustache, vinavyounda kurasa, alama huchapishwa mbele ya macho ya mwanafunzi. Baada ya hapo linganisha matokeo na tawi la watengenezaji, kwa mfano `git diff upstream/MOODLE_405_STABLE`, ikiwa hazina yao ya msimbo umeipa jina la `upstream`. Kinachobaki kinapaswa kuwa marekebisho ya taasisi yako tu, na chochote usichokitambua humo kichunguzwe. Ukaguzi huu ndio ninaouthamini kuliko wote, kwa sababu hufichua hata yale ambayo Git iliyaunganisha bila kulalamika.

Kazi yote hii naifanya katika nakala ya majaribio; seva ya wanafunzi hupokea matokeo yaliyokwisha kukaguliwa. Sababu ni kwamba `admin/cli/upgrade.php`, amri ya Moodle ya kukamilisha usasishaji, hubadilisha muundo wa hifadhidata, na Git haina uwezo wa kuurudisha, hivyo nakala rudufu ya hifadhidata na ya folda ya `moodledata`, yenye faili zilizopakiwa na watumiaji, lazima ziwepo kabla ya amri hiyo.

Taasisi inayong'ang'ania kurekebisha msimbo wa msingi, badala ya kuandika programu-jalizi, itakutana na mgongano ule ule kila toleo. Kwa hali hiyo washa mpangilio wa Git uitwao `rerere.enabled`, ili Git ikumbuke ulivyotatua na kurudia yenyewe mgongano huo ukitokea tena. Inakumbuka hata suluhisho bovu. Ukigundua ulikosea, tumia `git rerere forget` pamoja na jina la faili wakati mgongano bado uko wazi, kisha utatue upya.