Je, wajua kwa nini kobla ya beri hutoka ovenini ikiwa majimaji, kisha hushika yenyewe ikipoa?

Anayepika kobla kwa mara ya kwanza mara nyingi huamini kwamba ameiharibu. Huitoa ovenini ikiwa imependeza juu, rangi ya dhahabu, na beri zikitokota pembeni. Lakini akichota kijiko kimoja, rojo la zambarau hukimbilia kwenye shimo lile kama chai. Saa moja baadaye, bila mtu kuongeza chochote na moto ukiwa umezimwa zamani, rojo lile lile limeshika kiasi cha kubaki na alama ya kijiko. Swali ni moja tu: limeshikaje, ilhali lilipokuwa motoni halikutaka?

Kwa asiyeifahamu, kobla ni kitindamlo cha Kimarekani chenye matunda chini na unga juu. Pishi rahisi la nyumbani huchukua gramu 900 hivi za beri, gramu 150 za sukari, limau kidogo na vijiko vikubwa 3 vya wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini ambao madukani kwetu huitwa konflawa. Juu yake hupangwa madonge ya unga wa ngano uliochanganywa na beking pauda, siagi na maziwa, kisha bakuli huingia ovenini kwa nyuzijoto 190 za Selsiasi kwa dakika 40 hadi 50. Walowezi wa karne ya 19 waliipika katika sufuria nzito za chuma juu ya makaa, na kitabu kimoja cha mapishi ya Kentucky cha mwaka 1839 tayari kinaitaja, kikikiri kwamba si chakula cha kuwaonea fahari wageni bali ni kizuri sana kwa watu wa nyumbani. Beri nyeusi zinazopendwa kwa kazi hii, hasa katika jimbo la Oregon, hufanana mno na forosadi, ingawa kwa ukoo hazihusiani: forosadi ni jamaa wa mtini, na beri nyeusi ni jamaa wa waridi.

Swali hili mimi nililijibu vibaya kwa miaka kadhaa, na nililijibu vibaya kwa sababu ya heshima kabisa, nayo ni kwamba nilikuwa najua kupika shira. Mtu aliyekulia katika nyumba inayokaanga kaimati kila Ramadhani hujifunza kanuni ya shira kabla hajajifunza kusoma saa. Sukari na maji na iliki huwekwa motoni, mpishi huchota tone, hulibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akiachanisha vidole hutazama kama kuna uzi. Uzi usipoonekana, jibu ni moto zaidi. Kanuni hiyo haina kasoro hata moja mahali pake, kwa kuwa shira huwa nzito kwa njia ya kupoteza maji: mvuke unapaa, sukari inabaki, na kinachobaki kinakuwa kizito zaidi kila dakika.

Kwa hiyo kobla yangu ya kwanza ilipotoka ikiwa majimaji, niliirudisha ovenini kwa dakika 20, kisha 15 nyingine. Madonge ya juu yakawa rangi ya kahawa, kingo za bakuli zikashika masizi ya sukari, na rojo likaendelea kutiririka kana kwamba halikuambiwa kitu. Mara ya pili nilijiona mjanja zaidi, nikaongeza konflawa kutoka vijiko 3 hadi 6. Ilipotoka ovenini ilionekana ya kuridhisha kabisa. Ilipopoa ikawa donge la kukatwa kwa kisu, lenye ladha ya chaki iliyopakwa sukari. Matokeo hayo yalikuwa yananieleza jibu waziwazi, nami sikulisikia. Kitu kinachokuwa sahihi kikiwa moto na kupitiliza kikiwa baridi hakiwezi kuwa kinafuata kanuni ya shira peke yake.

Zipo sababu mbili za kuikataa hoja ya mvuke, na ya kwanza ingenitosha kama ningeifikiria. Sehemu kubwa ya rojo la kobla imefunikwa kwa unga, na mvuke unaopanda kutoka kwenye beri hukutana na sehemu ya chini ya madonge, ambayo huunywa mwingi wake. Ndiyo maana tumbo la donge la kobla hubaki laini kama limepikwa kwa mvuke. Maji hupungua, naam, lakini si kwa kasi ya sufuria iliyo wazi. Sababu ya pili niliithibitisha kwa mizani ya jikoni. Nilichemsha beri, sukari na wanga juu ya jiko, nikamimina rojo moto katika kikombe, nikakifunika kwa kisahani na kupima vyote pamoja. Baada ya saa moja nilipima tena: mizani haikuonyesha tofauti ya hata gramu moja, na matone yote ya mvuke yalikuwa yamekaa chini ya kisahani. Hata hivyo rojo lilikuwa limeshika. Lililobadilika lilikuwa joto, si kiasi cha maji.

Kuna dhana nyingine inayosikika mara kwa mara, kwamba beri hushika zenyewe kama jemu, kwa nguvu ya pektini, ile dutu ya asili ya matunda inayogandisha jemu. Hii ina ukweli nusu. Pektini imo, lakini pektini ya kawaida ya matunda huhitaji mazingira yenye asidi na sukari nyingi sana, kwa kawaida zaidi ya asilimia 55 ya uzito wote, ndipo ifungamane. Kobla ya gramu 150 za sukari kwa gramu 900 za beri haifiki hata karibu. Pektini husaidia kidogo. Mzigo wenyewe hubebwa na vile vijiko 3 vya konflawa.

Basi tuitazame konflawa kwa karibu. Kila kijiko kina chembe za wanga zisizohesabika, ambazo ni ndogo kiasi kwamba zaidi ya 50 zikipangwa mstari mmoja ndipo zifikie milimita moja. Ndani ya kila chembe kuna molekuli za aina mbili, zote zimejengwa kwa glukosi, sukari sahili: takriban robo ni amilosi, ambayo ni mnyororo mrefu ulionyooka, na zinazobaki ni amilopektini, yenye matawi mengi kama kichaka. Katika maji baridi chembe hizi hazifanyi lolote; hutua chini ya kikombe na kulala huko.

Zikipata joto, mambo hubadilika kwa hatua mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Hatua ya kwanza inafanana na maharage yaliyolowekwa. Mtu akijaza nusu ya sufuria kwa maharage makavu na kuyafunika kwa maji kidogo, anaweza kuyakoroga bila shida. Akirudi asubuhi, kila harage limevimba, maji yamekwisha kuingia ndani, na mwiko haupiti tena kirahisi. Hakuna harage jipya lililoongezwa, ila nafasi kati ya maharage imetoweka. Chembe za wanga wa mahindi huanza kuvimba hivyo kwenye nyuzijoto kati ya 62 na 72, na sukari, kwa kuwa nayo inayagombania maji, huusukuma mwanzo huo hadi kwenye joto kubwa zaidi. Uzito kamili haupatikani mpaka rojo lifike karibu na kuchemka, na hapo ndipo kobla nyingi hukosea: pembeni mwa bakuli panachemka mapema, katikati, chini ya blanketi la unga, pamechelewa. Mapovu yanayotazamwa yawe ya katikati, mazito, yanayopasuka polepole kama ya uji. Kama katikati hapakuchemka, basi moto zaidi ndiyo dawa kweli, na mtu wa shira atakuwa amepata jibu sahihi kwa hoja isiyo sahihi.

Chembe zinapovimba, sehemu ya amilosi huvuja na kuelea ndani ya maji. Hapa ndipo hatua ya pili inapoandaliwa, ingawa bado haionekani. Fikiria nyuzi za katani zilizotupwa ndani ya pipa la maji ambalo mtu analikoroga kwa nguvu bila kupumzika. Nyuzi hugusana kila mara, lakini hakuna mbili zinazokaa pamoja muda wa kutosha kushikamana, maana msukosuko unazitenganisha. Mkorogaji akipunguza mkono, nyuzi mbili hulala ubavu kwa ubavu, ya tatu hunasa juu yake, na baada ya muda pipa lina kitu kama wavu. Katika rojo la kobla, mkorogaji ni joto lenyewe. Likiwa karibu na nyuzijoto 100, minyororo ya amilosi hutikisika kupita kiasi cha kushikana. Linapopoa, vipande vya minyororo hulaliana na kufungwa kwa bondi za haidrojeni, yaani mivutano midogo kati ya molekuli, ambazo moja moja ni dhaifu lakini kwa wingi wake hufanya mafundo. Wavu huu haunasi samaki, unanasa maji. Rojo ambalo lilikuwa linamwagika sasa lina kiunzi.

Msomaji wa Kiswahili hakuhitaji bakuli la beri ili aone jambo hili, na hilo ndilo lililonikera zaidi nilipoelewa. Uji mwepesi wa kunyweka ukisahauliwa mezani hugeuka kitu cha kulika kwa kijiko. Ugali unaotoka sufuriani ukiwa laini huwa kiporo kigumu asubuhi, cha kukatwa vipande. Nilikuwa nimeyaona yote mawili maisha yangu yote, nikaendelea kuihukumu kobla kwa sheria za shira. Ni haki kuongeza kwamba unga wa ugali si wanga mtupu, una protini na mafuta pia, na kwamba si uzito wote wa kobla baridi unatokana na wavu: kimiminika chochote chenye sukari huwa kizito kikipoa, kama asali inavyofanya nyakati za baridi.

Ushahidi unaoridhisha zaidi kwamba amilosi ndiyo mhusika unatoka kwenye mahindi ambayo karibu hayana amilosi kabisa, yale yanayoitwa mahindi ya nta. Wanga wake huvimba na kuwa mzito vizuri sana motoni, lakini ukipoa hausimami, hubaki rojo. Viwanda vya vyakula vinaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Wanga wa muhogo, ambao waokaji wengi wa Marekani huutumia kwenye matunda, una amilosi kiasi cha asilimia 17, na kobla yake hung'aa na kubaki laini, ikivutika kidogo. Aliyekula ugali wa muhogo anajua kuvutika huko. Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu kiasi cha amilosi si kigezo pekee. Urefu wa minyororo yake nao una sauti, na kulinganisha unga wa ugali na wanga uliosafishwa ni kulinganisha kwa makadirio.

Asidi ya beri nayo hulaumiwa mara nyingi rojo lisiposhika, na ni kweli kwamba asidi kali pamoja na joto la muda mrefu hukata minyororo ya wanga. Lakini jikoni ni vigumu kumkamata mkosaji huyu, kwa kuwa kobla ambayo katikati yake haikuchemka huleta dalili ile ile, na ndiyo hali ya kawaida zaidi, hasa pale beri zilipotoka kwenye friza na kuingia ovenini zikiwa bado barafu.

Wavu ukishafungwa, haufunguki kwa urahisi. Mafundo ya amilosi huhitaji joto linalozidi nyuzijoto 100 ili yayeyuke, na rojo lenye maji ndani ya bakuli halivuki hapo, ndiyo maana kiporo cha kobla kikipashwa moto hulegea bila kurudi kuwa chai. Kulikoroga rojo lililopoa ni hadithi nyingine: kijiko hukata wavu ambao joto la oveni haliuwezi, na rojo halijengi tena uimara ule ule. Wakati huo huo minyororo haiachi kukaribiana hata usiku, ndani ya friji, na kila inapokaza mafundo nafasi ya maji inapungua. Kile kidimbwi cha zambarau kinachoonekana asubuhi kwenye pembe ya bakuli, pale kipande cha jana kilipotolewa, ni maji ambayo wavu umeyakamua.